Baridi katika karakana: Hita ipi iliyo salama?

BARIDI ya Juni hadi Agosti inapotanda katika maeneo ya juu kama vile Limuru, Kinangop na Nyahururu, fundi anayeanza kazi alfajiri hushawishika kufunga mlango wa karakana na kuingiza jiko la makaa. Hilo ni kosa linaloweza kumgharimu maisha.

Makaa yanapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hata makaa yaliyokolea na kuacha kufuka moshi huendelea kuitoa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu, na wengi hudhani ni homa. Iwapo waliomo chumbani wataugua pamoja, kisha wapate nafuu watokapo nje, sharti jiko lishukiwe.

Hita za gesi zisizo na bomba la kutolea hewa chafu nje pia zaweza kuleta hatari hiyo. Isitoshe, hutoa mvuke wa maji unaotia vifaa vya chuma kutu.

Kwa karakana ndogo, basi, hita ya umeme ndiyo bora. Hata hivyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize: hewa ya chumba hiki ina nini?

Palipo na vumbi la mbao, hita ya feni haifai, kwa kuwa huvuta vumbi hilo hadi kwenye nyaya zenye moto. Hita ya mafuta ni afadhali. Mafuta yake hayaungui, bali hupashwa moto ndani ya chuma kilichozibwa, na hakuna waya mwekundu ulio wazi. Huchelewa kupasha chumba joto, hivyo iwashwe mapema na kupanguswa vumbi kila siku.

Katika chumba kikubwa kinachopitisha upepo, hita ya miale inayofungwa juu ukutani hufaa zaidi, maadamu hakuna vumbi jingi. Hiyo humpasha joto aliye mbele yake badala ya hewa yote.

Palipo na petroli, thina au vanishi mbichi, hita zote za kawaida zizimwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, mahali hasa ambapo hita nyingi huwekwa. Hata swichi ya hita ya mafuta yaweza kutoa cheche.

Kuhusu umeme, hita ya wati 2,000 hutumia zaidi ya ampia 8 katika umeme wa volti 240. Ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani wala si kwenye ekstensheni inayotumiwa pia na mashine nyingine. Plagi ikipata moto, hita izimwe na fundi wa umeme aitwe. Maranda, vitambaa na makopo ya rangi yakae umbali wa angalau mita moja, na hita ichomolewe kila jioni.

Ama siku ya kupaka vanishi, madirisha yafunguliwe na fundi avae sweta nzito. Siku hiyo, sweta ndiyo hita pekee iliyo salama.