Moshi Mweusi, Mfuko Mtupu

Kila mkazi wa mjini amewahi kufunga kioo cha basi si kwa ajili ya mvua wala vumbi, bali kwa ajili ya gari lililotangulia. Linatoa moshi mweusi, harufu ya petroli inakata pua, na mwenye gari hilo ndiye wa kwanza kulalamika kwamba mafuta ni ghali. Kumbe sehemu ya petroli yake haichomwi. Anainunua kituoni, anaibeba, kisha anaitupa barabarani. Ugonjwa huo wa injini kunywa kupita kiasi una umri sawa na magari yenyewe, na leo tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kuutambua.

Injini haichomi petroli peke yake. Huchoma petroli iliyochanganywa na hewa, na kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, yanabaki masizi, na huongezeka gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu katika gereji iliyofungwa.

Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza petroli ndani ya hewa inayovutwa na injini. Humo mlikuwa na boya: petroli ikijaa, boya hupanda na kuziba njia. Kabureta ya namna hiyo ilitawala dunia kwa miongo mingi, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilimwaga tu, haikuwa na habari ya kilichotokea huko mbele katika bomba la moshi.

Kazi ya kujua ilibaki kwa fundi. Alifungua plagi akaisoma kama barua. Rangi ya kahawia hafifu, injini nzima. Masizi meusi makavu, petroli imezidi. Alitazama moshi: mweusi ni petroli, wa bluu ni oili, mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto ni maji. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa, kwani petroli iliyozidi huteremka ndani ya oili na kuifanya nyepesi, na vyuma vikaanza kulana. Kisha alitafuta chanzo: choki iliyokwama, boya lililotoboka, filta ya hewa iliyoziba. Hata mlima aliujua. Gari lililorekebishwa Mombasa, likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, lilikuta hewa nyepesi, na kipimo cha pwani kikawa kingi mno.

Mabadiliko yalipokuja, hayakuletwa na huruma kwa mwenye gari. Yalitoka Los Angeles, Marekani, mji uliokuwa ukifunikwa na ukungu unaochoma macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule hutengenezwa na jua likipiga gesi zinazotoka, pamoja na kwingineko, katika mabomba ya magari. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikawabana watengenezaji, na magari ya mwaka 1975 yakaanza kufungwa vichujio vya kuunguza gesi hizo. Kichujio bora zaidi kilidai kipimo cha petroli na hewa kisiyumbe. Ndipo mwaka 1976 kampuni ya Bosch ikatoa sensa ya oksijeni, na Volvo ikaifunga katika magari ya soko la Marekani. Kwa mara ya kwanza injini ilipata pua ya kunusa moshi wake yenyewe, na kompyuta ya kuongeza au kupunguza petroli.

Afrika pua hiyo ilichelewa kufaa, maana risasi iliyotiwa katika petroli huua sensa na kichujio pia. Nchi zilizokutana Dakar mwaka 2001 zilikubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma kuuzwa kusini mwa Sahara.

Sasa fundi huchomeka kipimo chake, nayo kompyuta inajibu P0172: petroli imezidi. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Mara nyingi sensa ndiyo inayong'olewa kwanza, ikanunuliwa mpya, na moshi ukabaki palepale. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Namba ile inataja ugonjwa, chanzo haikitaji.

Na chanzo mara nyingi ni kilekile cha zamani kilichobadili nguo. Badala ya choki iliyokwama, ni sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo inazidi kumwaga. Badala ya boya lililotoboka, ni nozo inayovuja. Hata pua yenyewe huweza kudanganywa: bomba likitoboka kabla ya sensa, hewa ya nje hupenya, sensa ikaripoti kwamba petroli ni pungufu, na kompyuta ikaongeza mahali pasipohitaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, usitoe fedha ya spea kwa sababu ya namba peke yake. Mwambie fundi akuonyeshe plagi. Mwombe anuse oili, apime joto ambalo kompyuta inalisoma, akague kama nozo inavuja. Zaidi ya miaka mia moja imetupa vipimo vizuri, lakini havijaondoa haja ya fundi anayeuliza kwa nini. Atakayeridhika na namba tupu atalipa mara mbili: gereji, na kituo cha mafuta. Sisi tulio nyuma yake tutalipa kwa mapafu yetu.