Magari ya kale Afrika Mashariki: urithi unaotegemea mikono ya mafundi

Kila mwaka, kwa kawaida ifikapo Jumapili ya mwisho ya mwezi Septemba, uwanja wa mbio za farasi ulioko kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi hugeuka kuwa maonyesho ya magari na pikipiki. Mashindano hayo, yanayojulikana kwa jina la Kifaransa la Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970, na huandaliwa na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo nchini Kenya. Washiriki hutoka Kenya kwenyewe na katika nchi jirani kama Uganda na Tanzania.

Anayeshinda hapo si mwenye mwendo wa kasi. Waamuzi hukagua bodi, rangi, viti, injini, na hata sehemu ya chini ya gari ambayo mmiliki mwenyewe huiona kwa nadra. Gari lililoundwa miaka 60 iliyopita laweza kulishinda lililonunuliwa mwaka jana, maadamu limetunzwa vyema na limebaki na sura lililotoka nayo kiwandani.

Hata hivyo, nyuma ya mng'ao wa siku hiyo moja kuna swali zito. Magari ya kale yaliyobaki katika eneo hili hayaongezeki, spea zake zimeadimika, na mafundi waliojifunza kazi wakati magari hayo yakiwa mapya wamezeeka. Makala haya yanaeleza magari hayo ni yapi, yalifikaje hapa, hufufuliwa kwa njia gani, na kwa nini kuendelea kwake kuwepo kunategemea watu wanaokutana na kusaidiana.

Gari la kale ni lipi?

Si kila gari kuukuu huitwa gari la kale. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe limetimiza umri wa miaka 30, liwe limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, gari lililotoka kiwandani mwaka 1990 limekwisha kutimiza umri unaotakiwa, lakini likiwa bado linabeba abiria kila asubuhi, halijaingia katika kundi hilo.

Nchini Uingereza, ambako mapenzi ya magari haya yana mizizi mirefu, wapenzi wake huyagawa kwa vipindi. Yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905 ndiyo yanayoruhusiwa katika msafara maarufu wa kutoka London hadi Brighton, na yale ya kati ya mwaka 1919 na 1930 yana kundi lake pekee. Katika Afrika Mashariki, magari ya vipindi hivyo ni machache mno. Mengi yanayotunzwa ni ya miaka ya 1950 hadi 1980: Volkswagen zenye umbo la kobe, Land Rover, Mercedes-Benz, Datsun, Ford, Volvo na Peugeot. Hayakuwa magari ya maonyesho, bali magari ya kazi.

Historia iliyoandikwa barabarani

Sababu moja ya magari hayo kukumbukwa ni mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na zilipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia yake ilikuwa ya vumbi, mawe na matope, na magari yaliyoshindana yalifanana sana na yale yaliyouzwa madukani. Kwa hiyo mwananchi aliyesimama kando ya barabara aliweza kujionea mwenyewe ni gari gani linastahimili na lipi linavunjika.

Mwaka 1963, magari 84 yalianza safari na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Jambo hilo lilijirudia mwaka 1968, yalipofika magari 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili walitumia Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, yaani 1966 na 1967, gari la aina hiyohiyo lilishinda likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania.

Mwaka 1965 ushindi ulikwenda kwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kushiriki mbio hizo kabla, nao wakalinunua, wakalitengeneza upya na kulishinda kundi zima. Singh alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha kwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, mara zote akiendesha Datsun.

Sifa iliyopatikana katika mbio iliingia katika maisha ya kawaida. Peugeot 404, iliyozinduliwa mwaka 1960, na Peugeot 504, iliyofuata mwaka 1968, zilikuwa teksi, pikapu za wakulima na matatu za masafa marefu. Pikapu za 404 ziliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuziunda, na 504 iliendelea kuunganishwa hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa familia nyingi, gari la kwanza kupanda maishani lilikuwa moja ya hayo mawili.

Mwaka 2003, ilipotimia miaka 50 tangu Safari ya kwanza, zilianzishwa mbio maalumu za magari ya zamani zinazopita Kenya na, katika baadhi ya miaka, Tanzania pia. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari mwaka 1977, alizishinda mbio hizo za magari ya kale mwaka 2007 na 2011.

Kazi ya kulifufua gari

Mmiliki wa gari la kale hukabiliwa kwanza na uamuzi: kulihifadhi lilivyo, likiwa na mikwaruzo na viti vilivyochakaa, au kulirejesha katika hali ya upya. Mkataba wa Torino, ulioidhinishwa na FIVA mwaka 2012, unahimiza kuhifadhi kwanza. Hoja yake ni kwamba rangi ya asili ikishabanduliwa hairudi tena, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa namna gari lilivyoundwa na kutumiwa.

Adui wa kwanza ni kutu. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ya chumvi hula sakafu ya gari, kingo za milango na sehemu zilizofichika nyuma ya magurudumu. Fundi mwaminifu huikata sehemu iliyooza na kuchomea bati jipya. Asiye mwaminifu hujaza puti, hupaka rangi, na baada ya misimu miwili ya mvua mapovu huchomoza tena.

Kwa upande wa injini, magari haya yana faida kubwa: hayana kompyuta. Hitilafu nyingi za kabureta, pointi za distribyuta au pampu ya mafuta hugunduliwa kwa jicho, sikio na mkono. Kipande kisichopatikana dukani huweza kukerezwa kwa mashine na fundi wa vyuma, na gasketi hukatwa kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Mitaa kama Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na Gerezani jijini Dar es Salaam, imejijengea jina kwa kazi za namna hiyo.

Lipo pia tatizo la mafuta yenyewe. Injini nyingi za zamani ziliundwa kutumia petroli yenye risasi, ambayo pamoja na mambo mengine ililinda vikalio vya vali visilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kwa sababu ya madhara yake kwa afya, hasa ya watoto. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulimaanisha kwamba injini nyingi za kale, zinapofunguliwa, huhitaji kuwekewa vikalio vya chuma kigumu zaidi.

Usalama wa fundi nao usisahauliwe. Bitana za breki za zamani huweza kuwa na asibesto, na rangi za kale huweza kuwa na risasi. Kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa au kukwangua rangi bila kufunika pua na mdomo ni kujitafutia maradhi.

Kwa nini yaliyopo hayana mbadala

Zamani, gari likiharibika kabisa, jingine kama hilo liliweza kuagizwa kutoka ng'ambo. Leo njia hiyo ni finyu. Kenya, kwa kawaida, hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haijaweka katazo kama hilo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa.

Sheria hizo zina sababu za msingi, zikiwemo usafi wa hewa na usalama barabarani, na hazikutungwa kwa kuwalenga wapenzi wa magari ya kale. Hata hivyo matokeo yake ni dhahiri. Gari la mwaka 1965 linalokatwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu huacha pengo lisilozibika kwa urahisi. Vivyo hivyo kwa gari linalonunuliwa na mkusanyaji wa ng'ambo: likishavuka bahari, kulirudisha ni kazi ngumu.

Pengo jingine ni la ujuzi. Vijana wanaojifunza umakanika sasa hufundishwa kusoma hitilafu kwa kompyuta, na ni haki yao, kwa kuwa humo ndimo mkate wao ulimo. Lakini ujuzi wa kulinganisha kabureta mbili ziimbe kwa sauti moja haukuandikwa wote vitabuni. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, na mzee anapofariki bila mwanafunzi, huondoka nao.

Thamani ya kukutana

Hapa ndipo mikusanyiko inapopata maana yake. Mtu mmoja mwenye gari moja hana nguvu. Watu ishirini wenye magari ya aina moja wanajua nani amehifadhi kioo cha mbele, gereji gani ina giaboksi iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa, na fundi gani hadanganyi. Wanaweza kuchangia gharama za kuagiza spea kwa pamoja, na kumpatia fundi kazi ya kutosha kumwezesha kumlipa mwanafunzi.

Majumba ya makumbusho nayo yana nafasi. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni jijini Dar es Salaam huhifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi, yakiwemo ya Mwalimu Julius Nyerere. Lakini makumbusho hayawezi kuhifadhi kila matatu na kila pikapu ya mkulima. Hayo hubaki mikononi mwa raia.

Kwa anayetaka kuanza

Wenye uzoefu hushauri mambo machache. Kwanza, hakikisha nyaraka za umiliki zipo, na kwamba namba za chasisi na injini zinalingana nazo, kwani gari lisilo na hati ni mzigo hata likipatikana bure. Nchini Kenya, namba ya usajili isiyo na herufi mwishoni huashiria gari lililosajiliwa kabla ya mfumo ulioanza mwaka 1989. Pili, tazama chini ya gari kabla ya kutazama rangi: injini mbovu hutengenezeka kwa bei nafuu kuliko bodi iliyooza. Tatu, chagua aina iliyouzwa kwa wingi, maana spea na mafundi wake bado wapo. Nne, piga picha kila kipande kabla ya kukifungua, na uweke boliti zake katika kopo lenye jina.

Kwa wasomaji walioko Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, ifahamike kwamba gari au spea kutoka Kenya, Uganda au Tanzania vimeundwa kwa usukani wa upande wa pili. Injini na giaboksi mara nyingi hulingana, lakini sehemu za usukani, pedali na taa za mbele huweza kutofautiana.

Tano, na pengine kubwa kuliko yote, mtafute fundi mzee mapema, na umwombe kijana asimame kando yake anapofanya kazi. Spea iliyokwisha huweza kukerezwa upya siku yoyote, mradi yupo anayejua ilivyokuwa.