Udugu ni Kufaana

Katika nchi ya Marekani iko desturi ya vyuo vikuu kuwaita nyumbani, mara moja kila mwaka, watu wote waliopata kusoma humo. Siku hizo aghalabu huangukia mwezi wa Oktoba, majani ya miti yakiwa yanageuka rangi na kupukutika. Mpira huchezwa, matarumbeta hupigwa, na watu walioachana kwa miaka mingi hukutana tena chini ya miti iliyowapa kivuli walipokuwa vijana. Katika Chuo Kikuu cha Howard, kilichoanzishwa mjini Washington mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi hiyo, sikukuu ya marejeo iliadhimisha karne yake mwaka 2024.

Ndani ya sikukuu hiyo kubwa mna sikukuu nyingine ndogo, nayo ni mikutano ya vyama vya udugu wa wanawake. Vyama hivi hujiita kwa herufi za Kigiriki, navyo vina matawi katika vyuo vingi. Tawi likitimiza miaka 25, 50 au 100, wanachama wake hupenda kuadhimisha siku hizo za marejeo, wakati ambapo wengi wao wamekwisha safiri kuja chuoni. Mgeni awatazamapo huona kwanza kufanana kwao. Wa Alpha Kappa Alpha huvaa rangi ya waridi na kijani. Wa Delta Sigma Theta huvaa nyekundu na rangi ya maziwa. Waliopokewa pamoja husimama safu moja, hata kama mmoja wao sasa ni bibi mwenye mkongojo. Katika Alpha Kappa Alpha aliyetimiza miaka 25 ya uanachama huheshimiwa kuwa dada wa fedha, na aliyetimiza miaka 50 kuwa dada wa dhahabu.

Waswahili husema kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo ni mizani ya haki ya kupimia historia ya vyama hivi. Kufanana huonekana kwa macho katika siku moja, bali kufaana hutaka miaka, na hauthibitiki ila kwa matendo.

Alpha Kappa Alpha kilianzishwa Howard tarehe 15 Januari 1908 kwa juhudi ya mwanafunzi aitwaye Ethel Hedgeman, pamoja na wenzake wanane waliotangulia kumwunga mkono. Hakikuwako kabla yake chama cha namna hiyo kilichoundwa na wanawake weusi wa chuo. Mwanamke mweusi msomi wa zama zile alibeba mizigo miwili: kwa rangi yake alitengwa, na kwa uke wake alinyimwa kura. Alikuwa haba miongoni mwa watu wake na mgeni miongoni mwa wasomi. Aliyekuwa na dada katika hali hiyo alikuwa na ngome. Mmoja wa waanzilishi, Lucy Diggs Slowe, alirejea Howard mwaka 1922 kuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike, naye alikuwa wa kwanza kushika cheo hicho chuoni hapo. Marejeo yake hayakuwa ya siku mbili za ngoma; alirudi kufanya kazi, na aliifanya hadi alipokufa mwaka 1937.

Walakini udugu haukosi ugomvi. Mwaka 1912 wanachama 22 waliona kwamba chama kimejifungia mno ndani ya chuo, wakataka kubadili jina, rangi na makusudi yake. Nellie Quander, aliyepata kuwa kiongozi wao na alikuwa amekwisha maliza masomo, alikataa katakata. Hapo palikuwa na swali zito: je, chama ni mali ya waliomo leo, au ni amana ya waliokianzisha? Kila upande ulikuwa na haki yake. Wale 22 walijitenga, wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913. Quander na wenzake wakakiandikisha Alpha Kappa Alpha kisheria tarehe 29 ya mwezi ule ule. Tarehe 3 Machi 1913 wanawake wa Delta waliandamana Washington kudai kura, ingawa miongoni mwa waandaaji walikuwako waliotaka weusi wawekwe nyuma. Hivyo tendo la kwanza la hadharani la chama kichanga lilikuwa kutembea barabarani mbele ya umati uliowazomea waandamanaji. Ugomvi uliopasua nyumba moja ulijenga mbili, na katika siku za marejeo wajukuu wa pande zote mbili husalimiana kwa utani katika uwanja mmoja.

Alpha Kappa Alpha nacho hakikubaki ndani ya kuta. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kila majira ya joto, wanachama wake walikwenda Mississippi chini ya uongozi wa daktari Dorothy Boulding Ferebee kutibu watu maskini wa mashambani. Wenye mashamba walipowazuia wakulima wao kwenda kwenye zahanati, wanawake hao walipakia dawa katika magari yao wenyewe wakawafuata wagonjwa huko huko mashambani. Watoto kwa maelfu walichanjwa ndui na dondakoo. Waliotibiwa hawakuvaa waridi wala kijani, na wengi wao hawakujua kusoma. Kufanana hakukuwapo hata kidogo. Kufaana kulikuwa kukubwa.

Hata hivyo, historia isiyotaja lawama ni sifa tupu. E. Franklin Frazier, mwalimu wa elimu ya jamii katika Howard yenyewe, alitoa kitabu chake Black Bourgeoisie kwa Kifaransa mwaka 1955, na kwa Kiingereza mwaka 1957. Aliwashutumu weusi wa tabaka la kati kwa kupenda fahari na kusahau maskini wao, na vyama vya herufi za Kigiriki havikusalimika na kalamu yake. Lawama nyingine ilihusu mateso waliyopewa wanaotaka kuingia. Mwaka 1990 vyama vikubwa vya weusi vilikubaliana kufuta kipindi cha majaribio, lakini ovu lililozoeleka halikukoma kwa maandishi peke yake. Anayemtesa mdogo wake ili afanane naye amekwisha mpoteza ndugu.

Jibu kwa lawama hizo halimo katika nyimbo wala mavazi, bali katika desturi kwamba uanachama haukomi siku ya kupokea shahada. Matawi ya waliomaliza masomo hukusanya fedha za kuwasomesha wengine, na msaada wao umevuka bahari: akina mama wa Thika, nchini Kenya, walipata huduma ya uzazi iliyochangiwa na Delta Sigma Theta.

Kwa sababu hiyo saa yenye uzito zaidi katika maadhimisho ya tawi si ile ya karamu, bali ile ya kuwakumbuka waliokufa. Alpha Kappa Alpha, ambacho alama yake ni jani la ivi, mmea utambaao ukutani, huwaita marehemu wake ivi zilizovuka ukuta. Majina yao hutajwa, na walio hai hunyamaza. Katika kimya hicho rangi za nguo hazisemi neno. Kila jina huacha swali kwa walio hai: huyu alimfaa nani? Na msichana aliyepokewa mwaka huo huo, akisimama nyuma ya safu ya wazee, husikia swali lile lile likimngoja yeye.