Doubtful Sound: Ghuba iliyomtia shaka nahodha Cook

Kusini magharibi mwa New Zealand kuna ghuba ndefu iitwayo Doubtful Sound, ambayo Wamaori huiita Patea. Ilichongwa na barafu kati ya milima, kisha bahari ikaingia. Urefu wake ni takriban kilomita 40, nacho kina hupita mita 400.

Nahodha Mwingereza James Cook aliiona mwaka wa 1770 lakini hakuingia, akishuku kwamba upepo usingemruhusu kutoka. Shaka hiyo ndiyo iliyozaa jina.

Hadi leo kufika huko si rahisi. Mgeni huvuka Ziwa Manapouri kwa mashua, kisha basi humpandisha Wilmot Pass, njia ya milimani iliyo mita 671 juu ya bahari, na kumteremsha hadi Deep Cove anakoabiri mashua nyingine. Barabara hiyo haijaungana na nyingine yoyote nchini, ndiposa wengi huandamana na waongozaji watalii. Isitoshe, haikujengwa kwa ajili yao, bali kusafirishia mitambo ya kituo cha umeme kilichochimbwa chini ya ardhi miaka ya 1960.

Mradi huo nusura uinue maji ya ziwa na kuzamisha misitu ya ufuoni. Mwaka wa 1970 watu 264,907 walitia sahihi ombi la kuupinga, na serikali iliyochaguliwa 1972 ikaamua ziwa lisiinuliwe.

Mvua ni nyingi mno. Anayechelea kulowa ni heri aende kwingine. Lakini ni mvua hiyo hiyo inayotandaza juu ya maji ya chumvi tabaka la maji matamu yenye rangi ya chai, na katika giza lake matumbawe meusi huota karibu na uso wa bahari. Pomboo nao huishi humo mwaka mzima.