Ndege iliyokuja Mwanza kuua swala

Kwetu Leicester, stori ya ndege ya Gaddafi ilikuwa ya kuchekesha tu. Mama mkubwa alikuwa anaishi Mwanza mwaka 1979, na kila akiisimulia anamalizia vilevile: "Katoka Libya yote ile, kaja kuua swala!" Sote hoi kwa kucheka.

Baada ya kipindi chetu cha Vita vya Kagera, wengi mliuliza ilikuwa ndege gani. Ilikuwa Tu-22. Umoja wa Kisovieti uliitengeneza enzi za vita baridi, ibebe mabomu na makombora kwa mwendo unaopita wa sauti. Wanajeshi watatu ndani, injini mbili juu ya mkia. Viti vyao vya kujiokolea vilirushwa kwenda chini, si juu. Yaani ndege ikiharibika karibu na ardhi, kiti kinakubamiza hukohuko ardhini! Nchi za nje zilizouziwa ni mbili tu, Iraq na Libya.

Sasa, Machi 1979 jeshi letu linaikaribia Kampala. Gaddafi, rafiki wa Idi Amin, akampa Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu akakataa. Tarehe 29 ikaja Tu-22 moja, ikilenga matangi ya mafuta pale Mwanza. Mabomu yakakosa, yakaangukia Saanane, kisiwa kidogo ziwani chenye bustani ya wanyama tangu 1964. Wanyama kadhaa wakafa, mtu mmoja akajeruhiwa. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili.

Ila msidhani ilikuwa ndege ya mzaha. Februari 1986 Wafaransa walipiga kiwanja cha ndege za Libya kule Ouadi Doum, kaskazini mwa Chad. Kesho yake tu, Tu-22 moja ikafika N'Djamena na kuchimbua njia ya ndege ya mji mkuu. Hapo haikukosa. Septemba 1987 zikarudi mbili, na kombora la Wafaransa likaiangusha moja.

Niliposoma hayo nikampigia simu mama mkubwa. Nikamuuliza, siku ile ulikuwa wapi hasa?

"Nyumbani, nimembeba kaka yako mgongoni. Matangi yenyewe tulikuwa tunayaona dirishani, mwanangu."

Akanyamaza kidogo. Halafu: "Lakini wale swala, jamani!"