Goti linalouma: Nafuu pasipo kisu

WANAWAKE wanaoanika omena katika fuo za Mbita, Kaunti ya Homa Bay, hushinda wameinama au wamechuchumaa wakitandaza samaki hao juu ya nyavu kuukuu, kisha wakainuka na karai kichwani. Kuchuchumaa kwa muda mrefu, mizigo mizito, unene, majeraha ya zamani na umri ni miongoni mwa mambo yanayochangia osteoathritisi ya goti, maradhi yanayowapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka 50.

Maradhi haya hula gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Goti huuma likitumika na hukakamaa asubuhi, ingawa kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa. (Goti linalovimba ghafla, likawa na joto, na mgonjwa akashikwa na homa, ni jambo jingine kabisa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.) Hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha gegedu lililolika, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu bila kufanyiwa upasuaji.

Tiba ya kwanza ni mazoezi. Wengi hudhani goti bovu lapaswa kupumzishwa, kumbe msuli wa mbele ya paja ndio unaolitegemeza, nao usipotumika hudhoofika. Mgonjwa aketi kitini, anyoshe mguu, auzuie hivyo kwa sekunde tano, aushushe polepole, na arudie mara kumi kwa kila mguu, kila siku. Maumivu kidogo mwanzoni si dalili ya madhara. Yakizidi hadi siku ya pili, apunguze kiasi lakini asiache. Nafuu huchukua wiki kadhaa.

Kwa aliyenenepa, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Bakora nayo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, jambo ambalo wengi hulikosea. Vichanja vya kuanikia omena, vinavyopendekezwa kwa ajili ya usafi, humwondolea mwanikaji haja ya kuchuchumaa.

Penye hatari ni kwenye tembe. Ibuprofeni na diklofenaki hununuliwa kwa urahisi na kumezwa kwa miezi. Hutuliza kweli, lakini huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya, na tenofoviri, iliyomo katika tembe za wengi wanaotibiwa, nayo huweza kuathiri figo. Ikichanganywa na diklofenaki, hatari huongezeka. Kliniki yapaswa kuelezwa kila dawa anayotumia mgonjwa, ikiwemo mitishamba, kwani baadhi ya dawa za mitishamba katika nchi mbalimbali zimewahi kupatikana zikiwa na steroidi zilizotiwa kisiri.

Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi, kwa kuwa ni kiasi kidogo tu kinachoingia katika damu. Sindano ya steroidi gotini hutuliza kwa wiki chache. Ama tembe za glukosamini, ambazo si rahisi kwa bei, mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2022 unawashauri madaktari wasiwape wagonjwa.