Hank Aaron kabla ya rekodi

Dunia ilimjua Hank Aaron usiku wa 8 Aprili 1974 mjini Atlanta, alipopiga hom rani ya 715 na kuivunja rekodi ya Babe Ruth. Lakini uzito wa mchezaji huyu wa besiboli uko nyuma zaidi, katika miaka ambayo jina lake halikuwa na maana yoyote kwa wenye viwanja vikubwa.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, baba yake akiwa kibarua wa karakana ya meli. Vifaa havikuwepo, kwa hiyo alijifunza kwa kupiga vizibo vya chupa kwa fimbo. Kocha naye hakuwepo: alishika gongo kwa mikono iliyopishana, wa kushoto juu ya wa kulia, kinyume kabisa na wapigaji wenzake wa mkono wa kulia, na bado mpira ulikuwa ukienda mbali.

Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, aliondoka nyumbani kujiunga na Indianapolis Clowns, timu ya ligi ya Weusi. Mama yake alimfungia sandwichi mbili na kumpa dola 2. Aaron alisimulia baadaye jinsi timu ilivyokula katika mgahawa mmoja wa Washington, kisha wakasikia jikoni sahani zikivunjwa, zile zile walizotoka kulia. Huo ulikuwa mji mkuu wa nchi yao.

Timu mbili zilimtaka. New York Giants, ambako angecheza pamoja na Willie Mays, walikuwa pungufu kwa dola 50 kwa mwezi; Boston Braves wakamchukua kwa kuwalipa Clowns dola 10,000. Walimpeleka kwanza Eau Claire, Wisconsin, ambako alichaguliwa mchezaji bora chipukizi wa ligi.

Mwaka uliofuata ndio uliompima. Braves walimtuma Jacksonville, Florida, pamoja na Felix Mantilla na Horace Garner, kuvunja ubaguzi katika ligi ya Kusini ambayo haikuwahi kuruhusu mchezaji Mweusi. Kila mji waliokwenda, watazamaji waliwatukana. Hoteli walizolala wenzao hazikuwapokea, wakawa wanahifadhiwa na familia za Weusi. Kijana wa miaka 19 aliyaishi hayo msimu mzima, na akaongoza ligi kwa wastani wa upigaji wa .362 na kuiletea timu pointi 125 kwa upigaji wake. Akatangazwa mchezaji bora wa ligi ambayo baadhi ya mashabiki wake hawakutaka hata kumwona uwanjani. Binafsi sijui ushindi mkubwa zaidi ya huo katika maisha yake yote ya michezo.

Nafasi ya juu ilikuja kwa bahati mbaya ya mwenzake: Machi 1954 Bobby Thomson alivunjika kifundo cha mguu mazoezini, na Braves, waliokuwa wamehamia Milwaukee, wakampa Aaron nafasi yake. Mechi ya kwanza, 13 Aprili dhidi ya Cincinnati, alitoka mikono mitupu katika zamu tano. Siku kumi baadaye, mjini St. Louis, alipiga hom rani yake ya kwanza dhidi ya mrushaji Vic Raschi. Septemba, kifundo chake mwenyewe kikavunjika na msimu ukaishia hapo, akiwa na hom rani 13.

Katika misimu 20 iliyofuata, hakuna hata mmoja ambao alipiga chini ya 20.